Mwongozo kamili: kusaka kampaundi za kupambana na kansa ndani ya sifongo za bahari, kutoka mwambani Pwani hadi labu ya Nairobi

Wanafunzi wengi wanaofanya hii kazi wanakwama mahali pamoja. Ekstrakti (kemikali zilizotolewa kwenye sifongo) inafika Nairobi, inapimwa kwa seli, halafu ama haifanyi kitu kabisa ama inaua kila seli iliyo mbele yake, na mtu anabaki hajui ashike lipi. Mara nyingi shida haiko kwa sifongo, iko kwa chumvi, plastiki, DMSO (kiyeyusho cha ekstrakti) na kontroli (vipimo vya kulinganishia) ambazo hazikuwekwa. Historia ya utafiti huu tunairuka.

Kitu kimoja ukishike toka mwanzo hadi mwisho: seli kufa kwenye pleti (sahani ya visima vidogo vya kupimia) ni tetesi tu. Kazi yako ni kujaribu kuivunja hiyo tetesi kila hatua, na ile itakayokataa kuvunjika ndio unaendelea nayo. Na tafadhali, hakuna ekstrakti ya labu inapewa mgonjwa, hata akiwa ndugu yako na hata akikuomba. Najua maombi kama hayo yanakuja, jibu ni hapana.

## Vitu utakavyohitaji

Za baharini: glavu nene, kisu, mifuko ya zipu, kamera ya kuingia majini, rula, GPS (simu inatosha), kulabox na barafu, chupa za glasi, ethanoli ya 96%, karatasi isiyolowa na penseli. Penseli, sio maka peni, kwa sababu ethanoli inafuta wino na utabaki na chupa kumi hujui ipi ni ipi.

Za kemia: methanoli, diklorometheni, heksani, butanoli, vyombo vya glasi, rotavapu (mashine ya kuvukiza kiyeyusho), hudi ya kuvuta mvuke, mizani ya kusoma hadi miligramu, silver nitrate kidogo, na unga za kutenganisha kemikali: silika, C18 na Sephadex LH-20.

Za seli: laini moja ya seli za kansa au zaidi (HeLa, MCF-7, HCT116, chochote chuo chako kinacho), laini moja isiyo ya kansa kama Vero (seli za figo ya nyani), pleti za visima 96, MTT (kemikali ambayo seli hai huigeuza zambarau), DMSO, doxorubicin (dawa ya kansa) ya kulinganishia, inkubeta ya nyuzi 37 yenye CO2 ya 5%.

Kama labu yako haina seli, usijifanye unazo. Tafuta mshirika mapema, kabla hujashuka Pwani.

## Hatua ya 1: Vibali kabla ya kununua hata glavu

Unataka leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha kufikia rasilimali za kijenetiki (kanuni zake ni za 2006), na ukipanga kuingia hifadhi kama Kisite-Mpunguti, Watamu ama Malindi, KWS (shirika la wanyamapori) lazima wakuruhusu. Kenya iko ndani ya Itifaki ya Nagoya (mkataba wa kugawana faida za rasilimali za kijenetiki), kwa hivyo idhini ya wenyeji inafaa iwe kwa maandishi. Kaa chini na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya hapo, waeleze unachukua nini, kiasi gani, na faida ikipatikana itagawanywa vipi. Wavuvi wanajua mwamba wao kuliko wewe, na mara nyingi ndio watakuonyesha mahali sifongo ziko.

KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi) Mombasa wahusishe pia mapema, usiwapigie simu ukiwa tayari umeshika kisu.

Onyo: sampuli isiyo na makaratasi haiwezi kutumwa nje kwa NMR (kipimo cha muundo wa kampaundi), majarida yatauliza, na data yako yote inakuwa ya kufungia droo. Ikiwa kuna kipimo chochote kitafanyiwa nje ya nchi, makubaliano ya kuhamisha sampuli yaandikwe sasa.

Umefaulu kama: namba za vibali vyote ziko ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

## Hatua ya 2: Kukusanya

Panga safari na kaskazi, maji yakiwa yametulia. Wakati wa kusi bahari inachafuka na huoni mbele. Angalia pia jedwali la maji, kwa sababu kupwa kwa bamvua kunaacha mwamba wazi na unaweza kufanya kazi nzuri bila mtungi wa hewa. Maji mafu hayakusaidii.

Piga picha sifongo ikiwa bado iko mahali pake, rula ikiwa kando, kabla hujaigusa. Zingine zinabadilika rangi dakika chache baada ya kutoka majini, na ethanoli inamaliza rangi iliyobaki. Andika papo hapo: rangi ya nje na ya ndani, ni laini ama inavunjika, inanukaje, inatoa kamasi, imeshika nini, kina, saa.

Kata kipande na uache msingi umeshika mwamba ili iote tena. Kwa uchunguzi wa kwanza gramu 50 hadi 100 mbichi zinatosha. Kila sifongo na mfuko wake, usichanganye hata kama zinafanana sana. Ukiwa na chaguo, chukua ile imekaa wazi kabisa, haijaliwa na samaki wala haijaota mwani juu yake, maana kiumbe asiyeweza kukimbia na bado yuko salama pengine anajilinda kwa kemikali.

Glavu usivue. Sifongo nyingi zina miiba midogo ya silika inayoingia ngozini, na kuna zile zinawasha vibaya sana. Matumbawe usivunje hata kidogo, matumbawe magumu yako kwa orodha ya CITES (mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) na kipande kimoja ndani ya mfuko kinaweza kukuletea shida na mzigo wote.

## Hatua ya 3: Baridi hadi Nairobi

Barafu kwenye boti, friza ya nyuzi -20 siku hiyo hiyo. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480 na sampuli ikiyeyuka njiani enzaimu na bakteria wanaendelea na kazi yao, kwa hivyo kile utakachopima sio kile kilichokuwa baharini. Barafu kavu ndio nzuri zaidi.

Huna barafu kavu? Katakata sifongo uitumbukize kwenye ethanoli ndani ya chupa ya glasi. Sasa hapa ndipo watu wanapoteza kazi: wakifika labu wanamwaga ile ethanoli. Usiimwage! Kemikali nyingi zimeshaingia humo, hiyo ni ekstrakti yako ya kwanza. Na kwa vile ethanoli inashika moto, usiifiche kwa begi ndani ya treni ama basi, panga gari la chuo.

Weka pembeni kipande kama kidole gumba kwa ethanoli ya 96%, hicho ni sampuli ya kumbukumbu. Badilisha ethanoli baada ya siku moja kwa sababu maji ya ndani ya sifongo yanaipunguza nguvu. Formalini usitumie, inaharibu DNA.

## Hatua ya 4: Jua ni sifongo gani

Chukua kipande kama punje ya mchele, weka kwa tyubu, dondoshea jiki. Nyama inayeyuka, miiba inabaki chini. Suuza kwa maji mara kadhaa, malizia na ethanoli, acha ikauke kwa slaidi, angalia kwa maikroskopu. Usianze na asidi, maana kuna sifongo zenye miiba ya chokaa na asidi inaimaliza yote.

Umefaulu kama: unaona vijiti safi vya kioo na unaweza kuvichora na kuvipima. Kama hakuna kitu, usishtuke, kundi la Dictyoceratida halina miiba, wao wana nyuzi za spongini, kwa hivyo rudi uangalie kipande ambacho hakijaguswa na jiki.

Linganisha na World Porifera Database (orodha ya sifongo za dunia), ongeza DNA (jeni ya COI ama 28S) kama pesa ipo, na mtumie mtaalamu wa sifongo picha zako zote. Ukifika jenasi tu, andika jenasi na "sp.", ni heshima zaidi kuliko kubahatisha spishi kwa rangi ya picha. Jenasi peke yake inakupa mwanga mkubwa: Negombata inajulikana kwa kemikali iitwayo latrunculin, Dysidea kwa avarol na wenzake.

## Hatua ya 5: Kutoa ekstrakti

Kausha kwa baridi kama mashine ipo, saga ama katakata, loweka kwa mchanganyiko wa methanoli na diklorometheni nusu kwa nusu, kiyeyusho kifunike sifongo vizuri, masaa 24. Mimina, rudia mara tatu, unganisha, chuja, peleka rotavapu, maji ya beseni lake yasizidi nyuzi 40.

Glasi tupu kila mahali. Diklorometheni inang'oa vilainisha plastiki kutoka kwa mifereji, vifuniko na tyubu, na baadaye unaona kilele kikubwa cha m/z 391 (masi) kwa LC-MS, mashine ya kutenganisha kemikali na kupima masi zake, unafurahi, kumbe ni fthaleti, kilainisha plastiki cha kifuniko. Pitisha chupa moja isiyo na sifongo hatua zote hizi, viyeyusho vile vile, vyombo vile vile. Hiyo ndio kontroli yako ya kemia na itakuokoa mara nyingi.

Kila kitu ndani ya hudi inayofanya kazi kweli. Ukisikia harufu ya kiyeyusho usoni, simamisha kazi.

## Hatua ya 6: Chumvi, ambayo inaangusha wengi

Piga hesabu na mimi. Sifongo mbichi ya gramu 100 inaweza kuwa imebeba mililita 80 za maji ya bahari. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Hiyo ni gramu 2.8 za chumvi, wakati kemikali za sifongo unazotafuta pengine hazifiki hata gramu moja. Methanoli inayeyusha chumvi kiasi, na kama sifongo ilikuwa na majimaji inayeyusha zaidi.

Watu wanadhani hatari ya hiyo chumvi ni kuua seli. Hapana. Kwa kipimo cha mikrogramu 100 kwa mililita, hata kama yote ni chumvi seli hazitajali, chakula chao chenyewe kina chumvi nyingi zaidi ya hapo. Hatari ni kwamba inakudanganya uzito. Umepima miligramu 20 unasema hii ni ekstrakti, kumbe 15 ni chumvi, kwa hivyo seli zimepata robo tu ya kile unachodhani, na wewe unaandika "haina nguvu" na kuitupa. Nina hakika kuna sifongo nzuri zimetupwa hivi. Baadaye chumvi hiyo hiyo inakuja kuvuruga LC-MS na NMR.

Dawa yake: yeyusha ekstrakti kwa maji, itikise na butanoli, chukua upande wa butanoli. Ama ipitishe kwa C18: mwaga maji kwanza chumvi itoke, halafu methanoli itoe kemikali. Ukichagua C18, kumbuka vitu vinavyopenda maji sana vinatoka pamoja na chumvi, kwa hivyo weka pia yale maji.

Umefaulu kama: kiasi kidogo cha ekstrakti kwenye maji, tone la silver nitrate, na haligeuki maziwa. Likigeuka jeupe zito, rudia.

Baada ya hapo igawe kati ya heksani na methanoli ya 90%, halafu ongeza maji kwa methanoli na utoe kwa diklorometheni. Mafuta yanaenda na heksani. Pima kila fungu, andika uzito, na weka theluthi moja ya ekstrakti mama kwa friza bila kuigusa.

## Hatua ya 7: Kuipeleka kwa seli

Hapa nitakaa kidogo.

Anza na DMSO. Ukiyeyusha ekstrakti yako miligramu 10 kwa mililita na unataka kupima kwa mikrogramu 100, lazima uipunguze mara 100, kwa hivyo kisima kina DMSO ya 1% na hiyo peke yake inaweza kuumiza seli. Tengeneza miligramu 20 kwa mililita, punguza mara 200, DMSO inakuwa 0.5%. Ukiweza kushuka zaidi shuka. Kisha hakikisha visima vyote, hata vya kipimo cha chini kabisa, vina DMSO sawa, la sivyo unachora grafu ya DMSO.

Seli zako zipimwe maikoplasma (bakteria wadogo sana wanaochafua seli) kwanza. Hazionekani kwa macho, na zinaharibu matokeo kimya kimya.

Panda seli 5,000 hadi 10,000 kwa kisima, ziache masaa 24 zishike, weka ekstrakti, subiri masaa 48 ama 72. Visima vya pembeni mwa pleti vinakauka haraka, vijaze PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) tu usiweke sampuli. Halafu MTT ya miligramu 0.5 kwa mililita, masaa matatu hadi manne, toa, yeyusha zambarau kwa DMSO, soma kwa nanomita 570.

Kontroli, na hakuna ya kuruka:

- seli bila chochote
- seli na DMSO peke yake
- seli na doxorubicin
- chakula cha seli bila seli
- ekstrakti na MTT bila seli
- ile ekstrakti ya chupa tupu ya Hatua ya 5

Hiyo ya tano ndio inasahaulika zaidi. MTT haipimi uhai moja kwa moja, inapima ugeuzaji wa rangi, na sifongo zina kwinoni na vitu vingine vinavyoweza kuingilia hiyo rangi hata bila seli yoyote. Ukiona zambarau kwenye kisima kisicho na seli, MTT haikufai kwa hiyo sampuli, hamia SRB (rangi inayoshika protini za seli) ama uhesabu kwa tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa).

Vipimo vitatu kwa kila kiwango, na jaribio zima lirudiwe siku tatu tofauti, sio pleti tatu za siku moja. Stima ikipotea katikati na inkubeta ikapoa, pleti hiyo haihesabiki, hata kama matokeo yake yanapendeza.

Chora mkunjo, soma IC50 (kiwango kinachopunguza seli kwa nusu). Kigezo kinachotumika sana ni IC50 chini ya mikrogramu 30 kwa mililita kwa ekstrakti ghafi, na chini ya 4 kwa kampaundi safi. Halafu gawanya IC50 ya Vero kwa IC50 ya seli za kansa. Ikitoka 1, unayo sumu ya kila mtu. Ikitoka 3 na zaidi, kuna sababu ya kuendelea.

Angalia pia muda. Weka ekstrakti, chungulia kwa maikroskopu baada ya saa moja. Kama seli zimepasuka zote tayari, pengine unacho kitu kinachotoboa utando tu, jaribu kwa chembe nyekundu za damu ya kondoo na utajua.

Umefaulu kama: mkunjo wa S unashuka kutoka juu hadi chini, siku zote tatu zinakubaliana, doxorubicin imefanya kazi, chupa tupu haijafanya kitu.

Wale hamna seli kabisa, vifaranga vya Artemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi), kumi kwa chupa, masaa 24, ni kichujio cha bei rahisi cha kuonyesha sumu. Lakini usiandike "anticancer" kwa matokeo ya Artemia.

## Hatua ya 8: Isije ikawa imeshajulikana

Kabla ya kutumia lita za viyeyusho, pitisha fungu lenye nguvu kwa LC-MS, chukua masi na UV, tafuta kwa hifadhidata za GNPS na COCONUT ambazo ni za bure, na MarinLit kama chuo kinalipia. Tafuta kwa jenasi na kwa masi pamoja. Ukigundua ni avarol, ni sawa, umeokoa miezi, chagua sifongo nyingine ama badilisha swali. Kumbuka pia kemikali nyingi za sifongo hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, kwa hivyo tafuta na upande wa bakteria.

## Hatua ya 9: Kugawa mafungu ukifuata nguvu

Silika ama C18 kwanza, LH-20, mwisho HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali kwa shinikizo). Kila ukigawa, kila fungu linarudi kwa seli, sio yale yenye kilele kikubwa tu. Kilele kikubwa kwa UV ya nanomita 254 kinamaanisha kitu kinapenda hiyo mwanga, basi, hakisemi lolote kuhusu kansa.

Jumlisha uzito wa mafungu. Uliweka miligramu 200 ukapata 120? Zilizobaki zimekwama kwa silika ama zimeoza. Na nguvu ikipotea kabisa baada ya kugawa, rudisha mafungu pamoja uyapime tena. Ikirudi, kampaundi mbili zinafanya kazi pamoja. Isiporudi, kampaundi yako haivumilii silika, rudi kwa theluthi uliyoweka friza na utumie C18 peke yake.

## Hatua ya 10: Muundo

Miligramu moja safi inatosha kwa NMR ya protoni, kaboni inataka zaidi. CDCl3 (kiyeyusho cha NMR) ina tabia ya kuwa na asidi kidogo na inaweza kuvunja kampaundi dhaifu, kwa hizo tumia CD3OD. Vilele vya ppm 1.26 na 0.86 kwa CDCl3 mara nyingi ni grisi, usivipe jina. Kabla ya kutuma chochote nje, pima IC50 ya kampaundi safi tena, kwa sababu inatakiwa iwe na nguvu kuliko fungu ilikotoka. Ikiwa dhaifu kuliko fungu, umesafisha kitu kisicho chenyewe.

Na uwe tayari kwa suala la kiasi. Halichondrin B, ambayo dawa ya eribulin ilitokana nayo, ilipatikana miligramu 12.5 kutoka kwa kilo 600 za sifongo ya Halichondria okadai. Hakuna mwamba Kenya wa kuvunwa hivyo, na usimruhusu mtu yeyote akushauri hivyo. Ukihitaji zaidi, rudi BMU na kibali kipya na uchukue gramu mia chache kutoka kwa sifongo kadhaa mahali tofauti, huku mkemia wa usanisi ama mtu wa bakteria akianza kazi upande wake. Matokeo, hata yale ya "haina nguvu", yapelekee wale wavuvi kwa Kiswahili, karatasi moja, na picha za sifongo zao juu yake.